Mkono wa Kwanza ni Mwekundu

Mwezi wa Septemba, ukitoka Misigiri kushuka mlima Sekenke, pori huwa jekundu. Vumbi lipo, na la kutosha, lakini wekundu ninaousema ni wa majani. Miyombo iliyokaa uchi tangu Julai huanza kuchipua wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, kwa maji ambayo mizizi imeyafuata mbali chini, na majani yake machanga hayatoki na kijani. Hutoka na rangi ya shaba, mengine damu ya mzee, mengine waridi iliyokolea. Baada ya wiki chache wekundu unafifia, kijani kinapanda juu yake, na ifikapo Desemba hakuna anayekumbuka kwamba pori lilikuwa na rangi nyingine. Abiria wa mabasi ya Mwanza hulipita wakisinzia, au hulitazama wakidhani limeungua.

Mimi nimelichora kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Hasa kijia kimoja cha ng'ombe kinachoachana na barabara kuu nje kidogo ya senta, kikapenya kati ya miti, kikaingia kwenye nyasi kavu, kikateremka kuelekea mbuga ya Wembere. Karibu rangi zake zote nazitoa ardhini hukohuko. Kuzipata si shida. Kilichonichukua miaka ni kujua ipi iende kwanza.

Picha ya njia ya porini niliyoizoea utotoni ilikuwa nyingine kabisa. Ilining'inia sebuleni kwa baba yangu mdogo, Kiomboi: kalenda ya ukutani ambayo miezi yake yote ilikwisha kuchanwa, ikabaki picha tu. Njia nyoofu, miti mirefu huku na huku, majani ya manjano na mekundu yametapakaa chini, ukungu kule mwisho. Nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa na picha ya namna hiyo, kama si kwenye kalenda basi kwenye kopo la biskuti. Tuliiita Ulaya, bila kutaja nchi. Kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kunakili, niliinakili hiyo kwa penseli za rangi nyuma ya madaftari, mpaka nikaijua kwa moyo: manjano kwanza, kahawia ya mashina, na wekundu mwishoni kabisa, nukta nukta, kwa sababu majani yale yalikuwa yameanguka juu ya kila kitu.

Kwa bibi yangu, Misigiri, majani mekundu yalikuwa tangazo la kazi. Pori likishavaa, hakungoja. "Mjukuu wangu, chukua jembe na karai, twende tukachimbe udongo." Kuta za tembe zilipaswa kusiribwa na kukauka kabla mvua haijafika, na mvua ya Singida ni msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba ukaishia Aprili. Ukichelewa utalala na ukuta mbichi mpaka ng'ombe waukune.

Nilimtazama akisiriba miaka yote ya utoto, na bado naona hakuna mwalimu wa rangi niliyempata baadaye aliyemfikia. Tabaka la chini lilikuwa zito na baya kutazama: udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwakatwa. Likikauka linapasuka, naye aliacha lipasuke. Tabaka la pili, laini zaidi, liliingia kwenye nyufa zile na kushikilia humo. La tatu lilikuwa udongo uliochekechwa, mwepesi wa uji, alioupaka kwa kitambaa. Mwisho ulikuja udongo mweupe kuzunguka mlango, na mstari wa majivu chini. Kati ya tabaka na tabaka alipitisha mgongo wa mkono ukutani. Ukuta wenye baridi bado una maji, hata kama macho yanakuambia umekauka. Alikuwa akitupitisha sisi watoto mmoja mmoja tuweke mikono: "Unaonaje, umeiva?" Ukikosea hakukusema. Alikupeleka ukachote maji zaidi.

Miaka ya 1980 nilikwenda Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kusomea kufundisha, na huko ndiko nilikopata nafasi ya kushika rangi ya mafuta. Ilikuwa haba, tuligawana tyubu moja watu kadhaa, na aliyekamua zaidi alitazamwa vibaya siku nzima. Mkufunzi wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila kipindi: mkono wa kwanza uwe mwembamba, mikono inayofuata ndiyo inenepe. Ukigeuza, picha itapasuka. Mimi nikawaza kuta za bibi, ambazo zilikuwa nene chini na nyembamba juu, na zilidumu. Nilibaki na hilo swali kwa muda mrefu, kwa sababu halikuwa swali la kumuuliza mkufunzi mbele za watu.

Jibu lake nililipata kazini. Mafuta hayakauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kula hewa, polepole, kuanzia juu. Ukiweka tabaka nene chini na jembamba juu, la juu litakuwa limeshakuwa gumu huku la chini bado linajivuta, na hapo ndipo ufa unapotokea. Udongo ni kinyume. Wenyewe hukauka kwa kutoa maji na kusinyaa, kwa hiyo bibi alitaka usinyae wote chini, mapema, ndani ya nyasi zinazoushikilia, ndipo aweke kilaini juu. Sheria zote mbili zinadai kitu kimoja: tabaka la chini liwe limemaliza kujisogeza.

Katika maktaba tuliyoitumia siku zile kulikuwa na kitabu cha picha za wachoraji wa Kirusi, miongoni mwa vitabu vingi vilivyokuwa vikija nchini kutoka Urusi ya Kisovieti. Humo nikaikuta njia ya kalenda ya baba mdogo, lakini safari hii imechorwa na mtu aliyejua anachokifanya. Isaac Levitan aliichora mwaka 1879, katika bustani ya Sokolniki, Moscow, akiwa hajafika hata miaka ishirini. Njia pana inapinda, miti michanga ya manjano iko kando yake, misonobari mirefu imesimama nyuma, mawingu yanakimbia, na mwanamke mmoja mwenye nguo nyeusi anatembea kuja upande wetu. Mwaka uliofuata tajiri Pavel Tretyakov akainunua, na mpaka leo imo katika jumba la picha lenye jina lake. Yule mwanamke hakuchorwa na Levitan. Aliwekwa na rafiki yake, Nikolai Chekhov, ndugu wa mwandishi Anton Chekhov. Tangu nilipojua hilo siwezi kuitazama picha ile bila kumfunika mama huyo kwa kidole gumba nione ingekuwaje. Naona ingekuwa bora zaidi, ingawa najua wengi hawatakubali.

Nilipojaribu kuchora pori la Misigiri kwa utaratibu wa Levitan na wa kalenda, lilikataa. Rangi zilikuwa zilezile: manjano, kahawia, shaba, kijivu. Lakini picha ilitoka ya huzuni, na pori la Septemba si la huzuni hata kidogo. Ni pori linalongoja mvua kwa hamu, nyuki wamejaa, na kuku wa Singida wanatotoa ovyo. Ilibidi nifikiri jani lenyewe linafanya nini.

Jani la Ulaya, siku zinapofupika na baridi kuingia, mti hulinyang'anya kile kijani chake na kurudisha kilicho cha maana shinani. Kijani kikiondoka, manjano yanaonekana. Hayakuja siku hiyo. Yalikuwamo tangu jani lilipochanua, yamefunikwa. Wekundu, kwa miti mingi, hutengenezwa mwishoni, jani likiwa njiani kuanguka. Jani la miyombo ni kinyume chake. Wekundu ndio linaozaliwa nao, na inasemekana unalikinga lisiungue na jua kali wakati bado ni changa. Kijani hupakwa juu baadaye. Kule rangi inabanduliwa, huku inaongezwa. Kwa hiyo mtu anayechora pori letu na kudondosha wekundu mwishoni, nukta nukta, kama nilivyojifunza kwenye kalenda, anachora mwisho wa mwaka wa watu wengine.

Basi nikaanza na nyekundu. Ubao mzima, anga likiwamo.

Nyekundu yenyewe sinunui. Ukiteremka kutoka Misigiri kwenda Shelui kwa miguu, huhitaji kufundishwa udongo. Unaukanyaga kwa zamu. Juu kwenye miinuko, maji yanakopita upesi, chuma kilichomo ardhini hupata hewa na kuwa chekundu. Ukishuka, maji yanakaa zaidi na udongo unageuka manjano. Chini kabisa, mbugani, ni mweusi, mzito, unaonasa viatu masika na kupasuka kiangazi kiasi cha kumeza mguu wa mbuzi. Mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, miaka ya 1930, aliandika kuhusu mfuatano huu katika nchi za Afrika Mashariki, na mpaka leo wanafunzi wa kilimo ulimwenguni wanausoma kwa jina alilolitunga. Wenyeji walishaujua. Muulize mkulima yeyote wa huku mtama uende wapi na mpunga uende wapi.

Wapo waliokuja kuchimba ardhi hii kwa ajili ya rangi nyingine. Dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa wakati wa Wajerumani, ndiyo iliyotumika kupiga sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, wakati vita ilipokuwa imewafungia njia ya bahari. Wakusanyaji wa sarafu wanazinunua ghali sana leo. Mimi karai langu la udongo mwekundu halijawahi kuibwa.

Udongo ukishautoa hauwi rangi papo hapo. Unautia kwenye ndoo ya maji, unakoroga, unahesabu pumzi chache mchanga uzame, kisha unamimina maji yale yenye rangi kwenye ndoo ya pili kabla hayajatulia. Ndoo ya pili unaiacha usiku kucha. Asubuhi maji ni meupe juu na chini kuna tope laini sana. Ukilisugua kati ya vidole huhisi punje. Hilo unalianika kwenye bati, unalisaga kwa chupa. Udongo wa manjano una faida zaidi, kwa kuwa ukiuweka kwenye kikaango juu ya mkaa na kuukoroga taratibu, unatoa mvuke, unakuwa rangi ya chungwa lililoiva, halafu kahawia nyekundu. Kwa hiyo karai moja linakupa rangi kadhaa, ukijua wakati wa kuepua. Waitalia wa mji wa Siena waliuza udongo wao ulioungua hivyohivyo mpaka jina la mji likaandikwa kwenye tyubu za rangi dunia nzima. Mikebe yangu imeandikwa Ulemo, Kizaga, Sekenke, Shelui, kwa kalamu ya wino mzito.

Udongo mweusi wa mbuga nimeuacha. Unavutia ukiwa umelowa, lakini ukikauka unakuwa kijivu na kubanduka vipande vipande, maana asili yake ni kuvimba na kusinyaa, na hauachi tabia hiyo kwa sababu umepandishwa ubaoni. Weusi natumia mkaa. Mkaa naununua barabarani palepale Misigiri, kwenye magunia yaliyopangwa kungojea malori, na najua vizuri umetoka miti gani.

Cha kushikia rangi ni kiini cha yai. Rangi ya maji yenye gundi ya mgunga, ukiongeza tone la asali isikauke ikapasuka, ni nzuri kwa karatasi na kazi ndogo, lakini ina kasoro moja kwa mtu anayetaka tabaka nyingi: mkono wa pili huamsha wa kwanza, na yote yanakuwa tope moja. Yai halifanyi hivyo. Wachoraji wa makanisa ya Italia walilitumia karne nyingi kabla ya mafuta kushika nafasi. Unapasua yai la kienyeji, unatenga ute, kiini unakihamisha kutoka kiganja hadi kiganja huku ukifuta mikono, mpaka ngozi yake ikauke na kikae kavu mkononi. Kisha unakibana kwa vidole viwili kwa ile ngozi, unakining'iniza juu ya kikombe, unakitoboa kwa sindano chini. Kinachotiririka ndicho chako, ngozi unatupa. Maji kiasi hichohicho, matone ya siki kisioze, udongo wako, basi. Umanjano wa kiini usikutishe, unapotea wenyewe. Wanangu hawakupenda kabisa kula ute mtupu kwa siku nyingi mfululizo, na mama yao aliniambia hivyo bila kuficha.

Rangi ya yai hukauka upesi ukiigusa, lakini ndani bado ni teke. Hapo narudi kwa bibi: mgongo wa mkono. Ubao wenye baridi naufunika na kwenda kufanya mambo mengine.

Juu ya nyekundu yanakuja manjano ya nyasi, kwa mistari midogomidogo ya brashi nyembamba, mmoja kando ya mwingine, bila kujaza. Ukijaza umeua. Kati ya mstari na mstari nyekundu ya chini inapumua, na kwa mbali jicho linaona nyasi zenye joto la mchana ambalo hakuna rangi moja ingelitoa. Kisha kahawia iliyoungua kwa mashina, mkaa uliochanganywa na nyekundu kwa vivuli. Njia yenyewe ni majivu na udongo mweupe na manjano kidogo, imepakwa nene zaidi ya vyote, na ikiwa bado mbichi nachukua ncha ya mwiba wa mgunga na kukwaruza kwato za ng'ombe mpaka chini, nyekundu itokeze. Na majani, yale majani ya Septemba ambayo ndiyo sababu ya picha, siyapaki kamwe. Ni sehemu nilizoziacha. Anga linapokuja kuzunguka matawi, nazunguka kila tawi na kuacha upenyo, na upenyo ule ndio jani. Kwa hiyo kitu kichanga kuliko vyote porini ndicho kikongwe kuliko vyote ubaoni.

Anga ndilo wanafunzi wangu huuliza. Buluu imetoka wapi, na mzee hana buluu? Haipo. Ni mkaa uliosagwa vizuri ndani ya udongo mweupe. Peke yake ni kijivu cha kawaida, lakini kiweke karibu na nyekundu na jicho lako linakiona buluu. Anga letu la Septemba lenyewe limejaa moshi na vumbi, buluu halisi ingelidanganya.

Nilishangaa siku nilipopanda kwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Sikushangaa kwa sababu ya ukale wake; hilo nilikuwa nimelisoma. Nilisogeza uso karibu na mwamba hadi mlinzi akanikoholea. Pale ambapo michoro imepandana, watu wembamba wekundu wako chini, na nyeupe imekuja juu yao, nzito, imepakwa kwa vidole na watu waliokuja nyuma. Iramba na Isanzu nako iko michoro. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliinakili mingi miaka ya 1930, na baadaye Profesa Fidelis Masao wetu akachimba katika mapango ya huku na ya Kondoa na kuandika kitabu juu yake, kilichotoka mwaka 1979. Sisemi kwamba waliochora kule walikuwa na nadharia ya tabaka. Nasema nyekundu ya chuma inaingia ndani ya jiwe na kukaa, nyeupe inakaa juu na kuondoka, na anayetaka kazi yake ibaki hugundua hilo mapema au anasahaulika.

Siku hizi nimestaafu ualimu na nina kibanda pale senta, picha zimeegemezwa nje. Watu wa hapa hupita wakasema, "Mwalimu, hii ni Ulaya?" kwa sababu ya miti myekundu, ilhali pori lenyewe liko nyuma ya migongo yao. Sikasiriki. Kalenda zimefanya kazi yake. Wengine huuliza mbona njiani hakuna mtu, na hao nawajibu kwamba mtu ameshapita, tazama kwato.

Mwaka jana alisimama dereva wa lori la kwenda Kigali, anapoza breki kabla ya mteremko, huku utingo wake akinunua kuku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akaitazama picha ya njia muda mrefu, mikono nyuma. "Hapa ni juu ya Sekenke. Kabla ya kona."

Nikamuuliza amejuaje, maana sikuchora kona wala barabara.

"Huo udongo wa njiani. Ukishafika Shelui huupati tena huo."

Akaitaka. Akalipa nusu papo hapo, ila akaomba nimwekee na lori lake, dogo tu, kule nyuma ya miti. Nikageuka kulitazama lori. Lilikuwa buluu. Nikamwambia gari nitaliweka, lakini bei itapanda, kwa sababu buluu haichimbwi huku. Nitalazimika kuagiza dukani Singida, tena kopo zima kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa ukucha. Akalitazama gari lake, akaitazama picha, akaniuliza likiwa jekundu ni shilingi ngapi.